Sakafu ya lamineti iliyonyanyuka: shajara ya matengenezo, Chake Chake

Jumamosi. Ukaguzi

Nyumba haina ghorofa, ipo Machomane, imejengwa kwa matofali ya saruji na zege lake limelala moja kwa moja juu ya kifusi. Juu ya zege pamewekwa lamineti ya milimita 8, vibao vya milimita 1285 kwa 192. Kazi ya kuiweka ilifanyika wakati wa Kaskazi, jua likiwaka na hewa imekauka. Masika ilipoingia, sakafu ikaanza kunyanyuka.

Mwenye nyumba analiona ni tatizo moja. Tukipita chumba hadi chumba tunaona matatu, na kila moja lina dawa yake.

Ukumbini pana mgongo mrefu katikati, unafuata kiungo cha ubavu wa vibao kwa zaidi ya mita 2. Tumelaza rula ya chuma, kilele kimepanda milimita 18. Vibao vyenyewe ni vizima: uso haukuvimba, kingo ni kali, ukigonga panalia utupu. Ukikanyaga panashuka, ukiondoa mguu panarudi juu.

Kwenye korido, mbele ya mlango wa choo, hakuna mgongo hata kidogo. Viungo ndivyo vilivyovimba. Kingo za vibao vilivyopakana zimefanya midomo, ukipitisha kidole unaihisi, na kwenye pembe lile tabaka gumu la juu limeanza kumeguka vipande vidogo.

Chumba cha kulala cha nyuma ni kesi nyingine. Vibao vimejikunja kwa upana, kingo juu na katikati chini, na hali ni mbaya zaidi kwenye mita ya kwanza kutoka ukuta wa nje. Nyuma ya sketingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, panatoka harufu ya ukungu.

Kwa hiyo tunasoma hivi. Mgongo wenye vibao vizima maana yake sakafu imebanwa, haina pa kwendea. Midomo kwenye viungo maana yake maji yameingia kutoka juu. Kibao kilichojikunja kingo juu maana yake upande wa chini umelowa kuliko wa juu, kwa hiyo unyevu unatoka kwenye zege. Ukikosea kusoma hapa, utabadilisha vibao leo na Masika ijayo utabadilisha tena vilevile.

Mwenye nyumba ametuuliza swali ambalo huulizwa kila mahali: "Fundi, si mtie skrubu tu pale palipoinuka, biashara ikaisha?" Hapana, mzee wetu. Sakafu hii inaelea. Haikushikwa na zege popote, imeshikana yenyewe kwa yenyewe kwa ulimi na mfuo: ulimi wa kibao kimoja unaingia kwenye mfuo wa jirani na kujifunga kama kufuli. Ukiipigilia katikati, umeongeza mahali pengine pa kuibana, na mgongo utahamia hatua mbili mbele. Tena skrubu hutoboa nailoni inayotandikwa chini, ukaufungulia njia unyevu wa zege.

Kilicho ndani ya kibao ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikabanwa kwa joto mpaka zikafikia zaidi ya kilo 800 kwa mita ya ujazo. Juu pana karatasi ya rangi na tabaka jembamba la melamini, chini pana karatasi ya kusawazisha. Nyuzi hizo hazina mwelekeo mmoja kama za mninga au mvule, kwa hiyo kibao hukua kwa urefu na kwa upana pia. Kanuni tunayoitumia ni kuacha nafasi kati ya sakafu na ukuta, milimita 1.5 kwa kila mita ya sakafu, kila upande. Ukumbi huu una mita 6.2 kwa 4.5. Urefu unadai milimita 9.3, upana karibu 7. Nafasi ya milimita 10 kila ukuta ndiyo ya chini kabisa. Kwa hewa ya Pemba tunaacha 12, maana sketingi ya unene wa milimita 15 inaifunika bila shida.

Wengi hawaamini kuwa milimita mbili tatu zinaweza kunyanyua sakafu kiasi kile. Fanya hesabu. Chukua vibao viwili vya upana wa milimita 192 vinavyokutana kwenye kiungo, kisha sukuma kutoka pande zote mbili mpaka nafasi yao ipungue milimita 2 tu. Kila kimoja sasa kina milimita 191 za kulala chini, na kiungo lazima kipande. Kitapanda karibu milimita 20. Na kwa nini mgongo unafuata ubavu wa vibao, si ncha zake? Kwa sababu kwa upana sakafu ina bawaba kila milimita 192, kwa urefu ni mita nzima na zaidi kabla hujakuta kiungo, na viungo vyenyewe havikupangana mstari mmoja.

Jumatatu. Chumba cha nyuma kimefunguliwa, kazi imeanza ukumbini

Tumeanza na chumba cha nyuma kwa sababu kipimo cha unyevu kinahitaji muda. Vibao vyote vya upande wa ukuta wa nje vimetolewa. Chini yake hakuna nailoni. Pana sponji nyeupe ya milimita 2 peke yake, imelowa, na zege chini yake lina madoa meusi yenye chunyu nyeupe pembeni.

Chunyu hii isichanganywe na ukungu, vyote viwili huonekana vyeupe. Dondoshea tone la maji: chunyu huyeyuka ikapotea, ukungu hubaki. Hapa imeyeyuka. Inaonyesha kuwa zege lina chumvi, na sababu ya kawaida visiwani kwetu ni mchanga wa pwani ambao haukuoshwa. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na Masika hapa hewa hupita hapo siku nyingi. Kwa hiyo zege la namna hii linaweza kulowa hata kama hakuna bomba lililopasuka na hakuna mvua iliyoingia. Linajilowesha lenyewe.

Kupima unyevu, tumebandika juu ya zege vipande vitatu vya nailoni ya kupitisha mwanga, kila kimoja sentimita 45 kwa 45: kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja katikati, kimoja karibu na ukuta wa ndani. Pande zote nne zimezibwa kwa tepu pana, pasibaki hata tundu la sindano. Muda wa chini ni saa 16, sisi tunaacha siku nzima au zaidi. Kabla ya kubandika, zege lisugulike kwa brashi ya waya na lifagiwe, la sivyo tepu haishiki na kipimo kinakuwa cha uongo.

Ukumbini tumeng'oa sketingi. Ng'oa kwa patasi pana na kibao cha kuegemeza nyuma yake, usiegemeze patasi kwenye lipu, na andika namba nyuma ya kila kipande kwa penseli ili kirudi mahali pake. Tulichokikuta:

Ukuta wa kaskazini, nafasi ni milimita 2. Ukuta wa kusini nafasi ipo ya milimita 6, lakini imejaa. Mabonge ya lipu yaliyoanguka wakati wa kumalizia kuta yamekaa ndani yake, na mahali pengine imezibwa kwa silikoni tangu chini hadi juu. Kabati la ukutani limefungwa kwa skrubu zilizopita kwenye vibao mpaka kwenye zege. Na reli ya aluminiamu inayofunika maungio ya sakafu kwenye mlango wa kwendea korido imepigwa skrubu kupitia vibao vya pande zote mbili, kwa hiyo ukumbi na korido zimefungwa pamoja zikawa sakafu moja ya karibu mita 11. Hapo kila kitu kimekwishajieleza.

Jumanne. Ukumbi unapata nafasi

Kazi ya leo ni kukata ukingo kwa urefu wote wa kuta mbili ndefu. Mashine tuliyotumia ni ile ndogo ya mkononi yenye ubapa unaotikisika, kwa sababu msumeno wa mviringo haufiki ukutani. Piga mstari kwa penseli na rula milimita 12 kutoka ukutani. Ubapa uwekewe alama ya tepu kwenye milimita 9. Kibao ni 8, sponji chini yake ni 2, kwa hiyo una milimita moja ya usalama kabla hujagusa nailoni. Ubapa wa chuma kigumu, si wa mbao tu, maana melamini ina chembe ngumu zinazoumaliza ubapa wa kawaida baada ya mita chache. Vaa barakoa: vumbi hili lina gundi na ni laini mno.

Asiye na mashine hii anaweza kufanya kwa patasi kali na nyundo, akimega kidogo kidogo. Ni polepole, lakini inawezekana. Asifanye kwa msumeno wa mkono wa kawaida, utachana uso wa vibao jirani.

Baada ya kukata, nafasi imevutwa vumbi lote na mabonge ya lipu yametolewa. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Bonge moja la ukubwa wa punje ya hindi, likibaki kati ya kibao na ukuta, linatosha kuwa kabari.

Kabati limefunguliwa skrubu, vibao vimekatwa kuuzunguka mguu wake kwa nafasi ya milimita 10, na kabati sasa limesimama juu ya zege. Kitu kizito kilichofungwa hapo kwa hapo kisikae juu ya sakafu inayoelea. Kabati la kusukumika, hata likiwa zito, halina neno, mradi lisiwe na mwenzake mzito ukuta wa pili, wakaibana sakafu katikati yao.

Reli ya mlangoni imetolewa. Vibao vimekatwa mpaka pakabaki wazi milimita 20 kati ya ukumbi na korido. Msingi wa reli mpya utapigwa skrubu kwenye zege, katikati ya uwazi huo, na kofia yake itaegemea tu juu ya vibao vya pande zote bila kuvishika.

Mgongo umeanza kushuka papo hapo. Mpaka alasiri umebaki milimita 6. Tumeweka mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja, juu ya ubao mpana unaokaa juu ya mgongo, na tunaacha hivyo mpaka Alhamisi. Usiulazimishe kwa nyundo.

Jioni tumetizama nailoni za chumba cha nyuma. Ya ukuta wa nje ina matone makubwa upande wa ndani, na zege chini yake limekuwa jeusi. Ya katikati ina ukungu mwembamba wa maji. Ya ukuta wa ndani ni kavu. Unyevu unaingia kutoka nje, hauji kutoka chini kwa usawa. Hii ni habari njema, maana kinachoingia kutoka nje kinaweza kuzuiwa.

Nje ya ukuta ule ule pana bomba la kiyoyozi linalodondosha maji chini ya ukuta mchana kutwa. Na uwanja umetiwa sakafu ya zege hivi karibuni, usawa wake umefika sawa na sakafu ya ndani, na mteremko wake unaelekea ndani. Ardhi ya nje ilitakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau.

Jumatano. Korido

Kabla ya kugusa kibao, tumehakikisha kuwa hakuna bomba linalovuja ndani ya ukuta wa choo. Mifereji yote imefungwa usiku, kiwango cha maji kwenye simtangi kikawekewa alama ya penseli. Asubuhi maji yako palepale. Kwa hiyo maji ya korido yanatoka juu.

Yanatoka wapi? Mlango wa choo hauna kizingiti, na watu wa nyumba wanatoka na miguu inayodondoka maji baada ya udhu, mara tano kwa siku, watu wazima na watoto. Juu ya hayo, korido inapigwa deki kwa ndoo kila asubuhi kama ilivyokuwa ikipigwa sakafu ya saruji. Maji yakikaa juu ya kiungo, yanashuka kwenye ulimi, na ulimi ni nyuzi tupu, haukufunikwa na melamini. Unavimba, unausukuma mdomo wa kibao juu, halafu melamini inapasuka, na tundu likishakuwapo kila deki inazidi kuingia.

Kibao kilichovimba hivi hakirudi. Nyuzi zilizopanuka zimekwishaachana na gundi yake. Anayekupa ushauri wa kupiga msasa midomo anakuharibia sakafu, kwani tabaka la juu ni jembamba kuliko kadi ya simu, na chini yake kuna karatasi tu. Vibao hivi vinatolewa.

Tumefungua korido yote kuanzia ukuta wa karibu, kila kibao kizima kimepewa namba kwa tepu ya karatasi. Kibao huinuliwa upande mmoja kwa pembe ya digrii 20 hadi 30 ndipo ulimi huachia. Ukivuta kikiwa kimelala, utakata mdomo wa mfuo.

Uamuzi tuliokubaliana na wenye nyumba ni huu: sentimita 60 za kwanza mbele ya choo zinakuwa taili, si lamineti. Taili 2 za 60 kwa 60 zinajaza upana wa korido, ambao ni mita 1.2. Upande wa choo zege limechongwa kidogo, taili zimelazwa na mteremko wa milimita 6 kuelekea chooni. Upande wa lamineti zitakaa milimita 3 juu ya vibao, na ukanda wa aluminiamu wa mteremko utafunika tofauti hiyo. Ukanda umegandishwa kwenye taili tu. Mbele ya mlango wa choo unaongezwa mkeka wa mpira wa kufutia miguu, na udhu sasa utakaushwa hapo.

Kama mtu anataka korido nzima isiogope maji, kuna vibao vya plastiki na unga wa mawe ya chokaa ambavyo madukani huitwa SPC. Havivimbi kwa maji. Vina udhaifu wake: havipendi jua kali linalopiga moja kwa moja kupitia kioo, na vinadai zege lililonyooka zaidi. Hapa wenye nyumba wanataka rangi ileile, kwa hiyo tunabaki na lamineti.

Hesabu ya vibao. Urefu uliobaki ni mita 4.2, upana 1.2. Kwa upana, ukitoa milimita 12 kila upande, zinabaki 1176. Ukigawa kwa 192 unapata safu 6 na kipande cha milimita 24. Kipande hicho ni chembamba mno, kitapasuka. Basi safu ya kwanza na ya mwisho zote zinakatwa ziwe milimita 108, na katikati zinakaa safu 5 nzima: 960 jumlisha 216 ni 1176. Safu 7, kila moja inahitaji vibao 3 na robo. Ni vibao 23. Ongeza 2 vya ukumbini ambavyo kufuli zake zimevunjika. Boksi moja lina vibao 8, kwa hiyo boksi 4, na vitakavyobaki ni akiba.

Akiba hiyo si anasa. Kufuli za kampuni moja haziingii kwenye za kampuni nyingine, hata unene ukiwa sawa. Tumetuma dukani Unguja kipande cha kibao chenye ulimi na mfuo, pamoja na picha ya namba ya toleo iliyo kwenye boksi la zamani. Boksi zikishuka bandarini Mkoani zikaguliwe pale pale kabla ya kupakiwa garini. Boksi lenye ukingo uliolowa na kukauka, lenye alama ya maji kama ramani, lirudishwe.

Alhamisi. Vibao viwili vya ukumbini

Mgongo umelala. Tumepitisha rula, hakuna pa zaidi ya milimita 1. Lakini kiungo kile cha kilele kinafunguka ukikanyaga upande mmoja, na wembe unaingia. Ulimi umevunjika kwenye vibao viwili. Viko safu ya kumi na mbili kutoka ukutani, hivyo kufungua safu zote hizo hakuna maana. Tunavikata mahali vilipo. Boksi mpya zimefika na zinalazwa katikati ya chumba, bapa, bila kufunguliwa, kwa saa 48 kabla ya kutumika. Kazi ya leo ni kutoa vya zamani.

Chora mstatili ndani ya kibao, sentimita 3 kutoka kila ukingo. Toboa tundu la milimita 10 kwenye kila pembe. Weka msumeno wa mviringo kwenye kina cha milimita 8 na nusu, kata kutoka tundu hadi tundu, toa kipande cha katikati. Sasa kata mistari ya mshazari kutoka pembe za uwazi kuelekea pembe za kibao, usifike kwenye kibao jirani. Simama milimita chache kabla, umalizie kwa patasi. Vipande vya pembeni vivute kuelekea katikati, kimoja kimoja. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanabetua kwenda juu, na mdomo wa kibao jirani unakatika. Vuta kwanza, inua baadaye.

Kibao kipya kina pande mbili zenye ulimi na mbili zenye mfuo. Kwenye zile zenye mfuo, kata mdomo wa chini kwa kisu kikali na patasi, mpaka ubaki mdomo wa juu peke yake. Kijaribu bila gundi. Upande wa ulimi unaingia kwanza kwa mshazari kwenye mfuo wa jirani, kisha upande wa pili unashuka na kukaa juu ya ulimi wa jirani. Kikikataa kushuka usikipige, kitoe, utakuta kipande cha mdomo wa chini hakikutoka chote.

Jumamosi. Kufunga ukumbi, kulaza korido

Gundi ni ya mbao ya daraja la D3, inayostahimili maji. Mstari mwembamba kwenye pande mbili zilizokatwa mdomo, na kidogo kwenye ndimi. Ikichuruzika juu ifutwe saa hiyo hiyo kwa kitambaa cha unyevu. Ikikauka juu ya melamini utaikwangua na uso wake. Mifuko ya saruji juu, saa 24, pasipitwe.

Kwenye korido zege lilipimwa kwa rula ya mita 2. Kiwango ni milimita 3 kwa mita 2. Karibu na mlango wa ukumbi pana bonde la milimita 5, na hii ndiyo sababu pale palikuwa panadunda hata kabla ya maji. Bonde limejazwa saruji ya kujisawazisha, baada ya kupakwa maji ya kushikisha, na limeachwa likauke. Bonde likibaki, kila hatua inakunja kufuli, na kufuli iliyokunjwa mara nyingi hukatika. Hilo halirekebishiki kwa sponji nene. Sponji ya milimita 5 inazidisha mdundo. Ibaki 2 au 3, tabaka moja.

Nailoni ya milimita 0.2 imetandikwa, imepanda ukutani sentimita 5, maungo yake yamepandana sentimita 20 na kuzibwa kwa tepu. Sponji juu yake, ikikutana ncha kwa ncha bila kupandana. Kabari za milimita 12 kila nusu mita. Miguu ya fremu za milango haikuzungukwa, imekatwa: laza kipande cha kibao juu ya kipande cha sponji, laza msumeno wa mkono juu yake, kata mguu wa fremu. Kibao kinaingia chini yake na kinabaki na nafasi ya kutembea.

Ncha za vibao katika safu mbili jirani ziachane angalau sentimita 30. Safu ya kwanza inaisha na kipande cha milimita 321, na kilichobaki cha 964 kinaanzisha ya pili, kwa hiyo hakuna kinachotupwa. Gonga kwa kibao cha kugongea, si nyundo kwenye ulimi.

Sketingi zimerudi zote kwa misumari ya ukutani. Msumari usielekee chini. Ukipita kwenye kibao, kazi yote ya Jumanne imepotea.

Deki: kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoke hata tone, na sakafu iwe imekauka kabla ya dakika moja kwisha. Tumemwonyesha bi mkubwa wa nyumba na msichana anayemsaidia, wote wawili, kwa sababu ndio wanaoishika.

Wiki ya pili. Chumba cha nyuma

Bomba la kiyoyozi limerefushwa mpaka kwenye karo. Ukanda wa zege la uwanja, upana sentimita 60 kwenye ukuta ule, umevunjwa na kuchimbwa mpaka chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15, ukajazwa kokoto. Uwanja uliobaki umepewa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kwenda nje. Ndani, chunyu imesuguliwa kwa brashi ya waya na kuvutwa kwa mashine ya vumbi. Haikuoshwa: ukiiosha unairudisha ndani ya zege.

Tumetoboa tundu la kina cha sentimita 4, zege likiwa na sentimita 10, tukaweka kipima unyevu na kuziba mdomo. Kwa lamineti tunataka chini ya asilimia 75. Ukuta wa ndani upo chini ya hapo, ukuta wa nje bado uko juu sana.

Kuna wanaosema tandika nailoni sasa, ulaze. Nailoni hairuhusu mvuke kupita katikati, ni kweli, lakini maji yale hayapotei. Yanakimbilia pembeni, yanapanda kwenye lipu ya ukuta, na sketingi inaoza. Epoksi ya tabaka mbili, mpako mgumu unaoziba unyevu, ni njia ya halali kwa zege lisilokauka, lakini kuipaka wakati chanzo cha maji kimeondolewa juzi tu ni kugharamika kabla ya kujua kama ilihitajika.

Na kuna jambo la msimu. Hewa yenyewe ikiwa na asilimia 80 ya unyevu, zege haliwezi kukauka likashuka chini ya hapo, hata uwashe feni mchana na usiku. Kwa hiyo chumba kinabaki wazi, madirisha yanafunguliwa kunapokucha, na wenye nyumba wamekitandika mikeka ya ukili ambayo inaruhusu zege kupumua. Vibao vizima vya chumba hicho vimelazwa bapa ukumbini, chini ya meza.

Kipimo kitarudiwa Kipupwe kikishatulia: nailoni tatu mahali palepale, na kipima unyevu kwenye tundu lilelile. Zikiwa kavu zote tatu baada ya saa 72 na kipimo kiko chini ya 75, tunalaza lamineti kwa nailoni na nafasi ya milimita 12. Upande wa ukuta wa nje ukiwa bado una matone mpaka mvua za Vuli zinakaribia, chumba hicho kinawekwa taili, na vibao vyake vinaingia kwenye akiba ya ukumbi na korido.